Trafiki wa Data Kwenye Nguzo Namba Saba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye ni mimi; Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kukaimu pia ni mimi; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mtandao ya Mtaa; mwalimu mkuu uliyetuazima viti; mama zangu, baba zangu, mashangazi, wajomba, na ninyi mlioegemea ukuta wa posta: kila mmoja ajihesabu ametajwa kwa cheo chake, na asiye na cheo ajikadirie. (Makofi. Spika inakoroma.)

Fundi wetu wa mtandao, huyu jamaa mwenye miwani, ameniambia kwamba hata data haisafiri bila itifaki, kila pakiti lazima kwanza ijitambulishe inatoka wapi na inakwenda kwa nani. Nikamwambia, umeona sasa kwa nini salamu zangu huwa ndefu? (Kicheko.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Mradi Mkakati Jumuishi wa Uelekezaji na Uhandisi wa Trafiki wa Intaneti, Awamu ya Kwanza. Tazameni juu ya nguzo: kisanduku kile cha rangi ya fedha ndicho kitakachozigawa data zetu njia tatu, kwa maana kwa miaka yote zimekuwa zikipita njia moja, zinasukumana, video ya harusi inaibana barua ya kazi, na barua ya kazi inafika nafasi imeshachukuliwa. Tukafanya upembuzi yakinifu, tukakaa warsha nne na mastekiholda wote, na ripoti ikatamka wazi: suala ni trafiki. Mimi si mtu wa kulala. Siku ile ile nikamwandikia mkuu wa kituo, nikaletewa trafiki, ndiye huyu mwenye sare nyeupe na filimbi. (Trafiki anapiga saluti. Kicheko kirefu.)

Msicheke bwana! Fundi alipokuja kunieleza kwamba trafiki ya kwenye ripoti ni ule wingi wa data zenyewe, wala siyo askari, afande alikuwa ameshasimama hapa siku tisa, na takwimu zinaonyesha kwamba kwa siku zote tisa hakuna data hata moja iliyogongana, ambayo ni asilimia mia moja na nne ya lengo. (Wajumbe wanapiga makofi.)

Naona mkono. Aa, mama fundi cherehani wa pale kona. Karibu, mama.

(Fundi cherehani: "Mheshimiwa, fomu ya binti yangu ya chuo cha uuguzi imegoma kwenda tangu asubuhi. Wanafunga saa kumi kamili, na sasa zimebaki dakika nane. Mwaka jana tulikosa hivi hivi, mwanangu akalia wiki nzima.")

Pole sana, mama. Kweli, binti namuona, ameinua simu juu anatafuta mtandao. Mimi nami ni mzazi, inaniuma. Afande! Ipitishe fomu ya binti! (Trafiki anapuliza filimbi. Baiskeli mbili zinasimama. Fomu haiendi.)

Fundi, unaninong'oneza nini? Sema kwa sauti, hii ni serikali ya uwazi.

(Fundi wa mtandao: "Laini inayofanya kazi mtaa mzima ni moja tu, mheshimiwa, na hotuba yako inarushwa mubashara kwa hiyo hiyo. Tukiikata, fomu itapata pa kupita.")

Kunikata? Mimi? Kwani wananitazama wangapi?

("Wawili. Mmoja ni shemeji, mkeo.")

Na wa pili?

("Simu yako, mheshimiwa. Iko hapo mfukoni, umeisahau wazi.") (Kicheko. Mtu anadondoka kwenye kiti.)

Haya, haya, tulieni. Dakika ngapi? Tatu? Jamani, mtoto asikose chuo kwa sababu yangu. Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, najielekeza pembeni. Kata! (Matangazo yanakatwa. Kisha sauti ya binti: "Mama, imeingia! Imeingia!" Mama anamkumbatia, machozi yanamtoka. Vigelegele.)

Ahsanteni, ahsanteni sana, kaeni! Mmeshuhudia kwa macho yenu mradi unavyofanya kazi! Data! (Umati: Zipite!) Foleni! (Ivunjwe!) Mheshimiwa! (Vicheko.)

Basi, kabla hatujatawanyika niwashukuru wote. Mwalimu, chukua viti vyako. Afande, rudi njia panda, nasikia huko magari yamefungana tangu wiki iliyopita. Na shukrani za pekee zikufikie wewe, mama fundi, kwa kutuazima kifuniko cha cherehani chako tukakipaka rangi na kukitundika pale juu, maana kisanduku chenyewe bado hatujakiagiza. Njoo ukichukue, mama, ngazi hii hapa na fundi ataishika. Ila ukishike taratibu, rangi haijakauka.