Mwangwi wa Ngazi za Kwao

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ametangaza anachotaka. Jumamosi ya wiki ijayo tunatimiza miaka ishirini ya ndoa, ndugu watakuja nyumbani, na yeye hataki zawadi. Hataki nguo, hataki saa. Anataka nimpigie gitaa ule wimbo niliompigia kwenye ngazi za kwao, jioni aliyokubali kuolewa nami. Uwe vilevile kama siku ile. Amenikumbusha kwamba nimeuahidi kila mwaka, na kila mwaka nimeingia mitini. Mara hii, kasema, ataumia kweli.

Wimbo una mishiko minne ya vidole. Hata mtoto angeuweza. Tatizo si wimbo, tatizo ni hilo neno vilevile. Ngazi zile zilikuwa za saruji, zenye mwangwi mtamu sana. Gitaa langu la umeme, hapa sebuleni juu ya zulia, linalia kama mtu anayekwangua ukoko. Nina pedali tano za kubadilisha sauti na hakuna hata moja yenye ngazi ndani yake.

Kesho naenda kwa Profesa.

Jumanne, 4 Machi

Profesa anauza vyombo vya muziki nyuma ya kituo cha mafuta. Sijawahi kumwona akipiga hata kimoja, ila akianza kueleza unatamani kuuza kitanda. Leo kanionyesha kisanduku cha ukubwa wa nusu tofali. Ndani yake, kasema, mna amplifaya za kila aina, za zamani na za sasa, zote za kuigiza. Mna vyumba pia: ukumbi, kanisa, pango, bafu. Nikauliza ngazi. Akakiweka kisanduku mezani kama daktari mwenye majibu mabaya. Kisha akasema ngazi zimo, ila hazikutengenezwa, mtu anazitengeneza mwenyewe kwa kugeuza vitufe. Si kila mtu anaweza, akaongeza, huku akinitazama. Nikakinunua palepale, pamoja na hedifoni.

Kazi ilikuwa kukiingiza nyumbani. Mke wangu ana sheria: haiingii pedali kabla nyingine haijatoka. Lakini mimi nauza magodoro na mito, na akili zangu hazijalala. Nimekisokomeza kisanduku katikati ya mto mpya, nikafunga zipu, nikaingia nao kwapani nikipiga mluzi. Mke wangu akafurahi kupita kiasi. Kasema hatimaye kazi yangu imemletea kitu. Akanipokonya, akaupeleka kitandani, akajilaza. Akauliza kama mto huu una mifupa. Nikamwambia ni aina mpya, ya kunyoosha shingo.

Jumatano, 5 Machi

Ameamka shingo imekaza. Ameenda kazini akitazama kushoto. Nasikitika, ila angalau kisanduku hakikupata hata mkwaruzo.

Jioni nimevaa hedifoni na kupandisha mwangwi. Mungu wangu! Napiga mshiko mmoja tu, sauti inazunguka, inapanda, inashuka, inarudi kunisalimia, na muda wote huo mimi nahamisha vidole taratibu kwenda mshiko wa pili. Hakuna pengo hata kidogo. Nimegundua kwamba mimi ni mpiga gitaa mzuri kuliko nilivyojidhania. Machozi yalinilengalenga.

Nilipofungua macho, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Kwa hedifoni, kumbe, raha ni yangu peke yangu. Yeye alichosikia ni nyuzi kavu zikisema tik, kimya, kisha tik, na mimi nikiguna kama mtu anayeng'olewa jino. Nyuma yake alisimama mkunga mstaafu wa ghorofa ya chini. Alikuwa amekuja na glavu. Kasema miguno ile anaijua, na alidhani tumemficha mtu.

Kuhusu kisanduku nilisema ni cha Profesa, nimeazimwa. Mke wangu akanitazama kwa upande, ingawa kwa sasa hana namna nyingine ya kutazama.

Ijumaa, 7 Machi

Habari mbaya. Shemeji atakuja na gitaa lake.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, fundi viatu. Gitaa lake ni kavu, la mbao tupu, halijui umeme ni nini, na lina ufa alioziba kwa gundi ya kubandikia soli. Analipiga huku anaongea na watu. Hilo ndilo linaloniudhi. Kwenye harusi ya mdogo wao nilikuwa bado nachomeka waya wa tatu, yeye akawa ameshamaliza wimbo wa nne na watu wanatoka jasho. Sasa kamwambia dada yake asiwe na wasiwasi, mimi nikikwama yeye yupo.

Nikikwama. Mimi, mwenye amplifaya za kila aina ndani ya nusu tofali.

Nimewaza mchana kutwa nikiwa nimejilaza kwenye godoro la maonyesho, bosi akidhani nalipima. Mpango ni huu: mtu hawezi kupiga gitaa asilokuwa nalo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kibandani kwake. Nikamwambia kwamba ule ufa umeninyima usingizi, na kwamba nataka kulipeleka gitaa lake kwa Profesa likatengenezwe, iwe shukrani yangu kwake kwa kunipa dada yake. Nilitia chumvi kidogo, sauti ikatetemeka. Shemeji akanishika mkono, akanivua viatu na kuning'arishia mpaka nikaona uso wangu ndani yake. Haukuwa uso wa kupendeza.

Gitaa sasa liko kwenye kabati la chumbani, nyuma ya makoti, limefunikwa shuka. Roho ilinisuta mpaka njia panda. Kuanzia hapo nilikuwa nawaza mambo mengine.

Jumatatu, 10 Machi

Nazikaribia ngazi. Bafu kiasi, pango kidogo, kanisa hapana kabisa. Ili kuhakikisha, saa ya chakula nilikwenda mpaka kwenye jengo walikokaa kina mke wangu zamani, nikasimama kwenye zile ngazi na kupiga makofi huku nikisikiliza. Mlinzi akaja akauliza nampongeza nani. Nikamwambia nasikiliza sauti. Akanisindikiza hadi getini kwa upole mkubwa, wa aina wanayofanyiwa wagonjwa.

Nilichelewa kurudi kazini na nikamuuzia godoro laini mzee aliyeandikiwa gumu na daktari. Bosi ameahidi tutazungumza.

Wimbo wenyewe bado sijaupiga mpaka mwisho. Hakuna haraka. Nikishapata sauti, wimbo utakuja wenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimezipata! Ngazi zenyewe, mpaka ule ubaridi wa saruji. Nimezihifadhi kwenye kisanduku na kuzipa jina la mke wangu.

Mke wangu ameomba kusikia hata kidogo, bila hedifoni. Nimemkatalia. Sitaki aonje kabla ya siku. Akasema haya, akarudi kwenye cherehani. Anaipanua pembeni ile nguo aliyovaa jioni ya ngazi. Kumbe ameitunza miaka yote hii. Ameshawaambia dada zake wote kwamba mara hii nitapiga. Nilipomwona ameinama pale, uzi mdomoni, nilimpenda sana, na nikaogopa kidogo. Ila woga ni wa watu wasio na vifaa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika wageni wakiwa wameshaondoka.

Sebule ilijaa. Dada zake kwenye makochi, mkunga kwenye kiti cha peke yake, Shemeji mikono mitupu karibu na mlango. Aliniuliza gitaa lake liko wapi. Nikamjibu gundi bado haijakauka. Mke wangu alikaa mbele kabisa, ndani ya ile nguo, mikono magotini kama msichana anayesubiri kuitwa.

Nikawasha kisanduku. Kikaniandikia kwamba kuna maboresho mapya, je, nakubali? Nani hukataa kuboreshwa? Nikabonyeza ndiyo. Asilimia mbili. Usizime kifaa. Nikatoa neno la shukrani. Asilimia tatu. Nikatoa neno lingine. Mkunga akainuka, akachungulia kile kioo, akasema kwa uzoefu wake huyu bado sana, tule kwanza. Watu wakacheka. Spika yangu haisikii gitaa bila kupitia kwenye kisanduku hicho, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia.

Shemeji akasema kwa huzuni ya kweli kwamba laiti gitaa lake lisingekuwa kwa fundi. Mke wangu alitabasamu kwa wageni, akainamisha kichwa na kuanza kukunja ukingo wa nguo, kidogo kidogo, kama anayeirudisha sandukuni. Angegomba ningevumilia. Kule kukunja nguo kulinikata maini.

Nikainuka, nikaenda chumbani, nikafungua kabati. Nilirudi na gitaa la Shemeji, na hanga ya koti ikining'inia kwenye shingo yake. Shemeji alilitazama gitaa, akanitazama mimi, akavitazama viatu vyangu vinavyong'aa. Kisha akasema huyo Profesa kweli ni fundi, kazi ameimaliza haraka. Nilitamani ardhi inimeze. Nikampa gitaa apige yeye. Akalikataa. Akanisogezea kiti.

Mshiko wa kwanza ulitoka vizuri. Nikaanza kuelekea wa pili, na hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kinanibeba siku zote hizi. Hapakuwa na mwangwi. Hapakuwa na kitu. Vidole vyangu vilitafutana kwenye nyuzi huku sebule nzima ikinisubiri. Ndani ya pengo lile mke wangu akaanza kuimba. Hakuimba kwa nguvu. Alilijaza pengo, na alipofika mwisho wa mstari, mshiko wa pili ukawa umeshakaa sawa. Pengo la pili akalijaza. La tatu pia. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, mimi nikichelewa na yeye akinifunika.

Wageni walidhani tumefanya mazoezi. Dada zake walilia. Mkunga alipenga kamasi kwa sauti. Shemeji alisema jambo moja tu, kwamba gitaa lake halijawahi kupigwa polepole namna ile na likapendeza.

Mke wangu akanishika mkono, akaniambia sikioni kwamba ilikuwa vilevile. Hata siku ile kwenye ngazi nilichelewa kila mshiko, na yeye ndiye aliyeimba. Kasema ndiyo sababu alikubali. Aliona kabisa kwamba mtu huyu akiachwa peke yake hafiki popote.

Kisanduku kikalia pii. Asilimia mia moja.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka mapema nikiwaza. Nimeona kosa langu, na nalikiri bila haya. Siku zote hizi nilihangaika na ngazi, kumbe uzuri wa wimbo ule ulikuwa ni sauti ya mke wangu.

Ni sauti nzuri sana. Ila kavu. Ingepata mwangwi kidogo, ingekuwa balaa.

Nimempigia Profesa simu, na Mungu ni mwema, anacho kisanduku cha sauti za waimbaji. Kina ukumbi, kanisa, pango na bafu. Ngazi, kasema, mtu anazitengeneza mwenyewe. Ni kikubwa kidogo kuliko kile cha kwanza, na kinakuja na maikrofoni na kisimamio chake cha miguu mitatu.

Mke wangu ananiita kutoka jikoni, shingo yake imenyooka kabisa leo. Shemeji ametuachia gitaa, na mke wangu anataka nimpigie tena ule wimbo wakati anaosha vyombo, sisi wawili tu. Nimemwambia asubiri kidogo. Kwa mawazo nimeshafika stoo ya duka letu la magodoro, natafuta mto mkubwa zaidi.