Jukwaa Juu ya Masinia ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Mama mkwe katoa tangazo. Kuta mbili za pembeni za nyumba yake zipigwe plasta kabla ya mvua. Ya mashariki kampa mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Ya magharibi kanipa mimi. Atakayempendeza atapewa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ahamie humo na kufungua duka. Mke wangu kanifinya paja mpaka machozi yakanitoka. Anakitaka mno. Katika chumba tulichopanga, jiko na kitanda vinagusana. Juzi shuka iliungua.

Hofu sina. Mwanyumba ni kobe.

Jumanne, 7 Mei
Majukwaa ya chuma yamefika. Kiwanja ni mchanga tupu, ukikanyaga unazama kisigino. Mwenye majukwaa katuhutubia kama watoto wa chekechea. Tuondoe mchanga uliolegea, tushindilie, kila mguu ukalie kitako chake cha chuma, na chini ya vitako tulaze mbao pana. Eti uzito usambae! Kisha tupime usawa, tufunge jukwaa ukutani, tukague kila asubuhi. Nilipiga miayo kwa adabu.

Mwanyumba kutwa kapiga magoti na pimamaji yake, utadhani kaangusha pete. Kaniambia haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Kainamia tena pimamaji yake. Moja bila!

Mbao zangu za chini nimezipandisha juu, nikanyagie kwa nafasi. Mbao ya kufukia mchangani ni mbao iliyopotea.

Jumatano, 8 Mei
Mguu mmoja umezama. Kidogo tu. Ndoo ya plasta inateleza yenyewe kwenda kushoto, na huko ndiko ninakofanyia kazi. Msaada wa bure.

Mchana, mguu wa pili. Nimemwagia mchanga maji, maana mchanga ulioloa hushikana, nani asiyejua? Ulishikana nusu saa. Kisha miguu yote minne ikazama. Angalau sasa jukwaa limenyooka.

Alhamisi, 9 Mei
Wazo! Jikoni kwa mama mkwe kuna masinia manne mapana ya wageni. Miguu minne, masinia manne. Kama si riziki ni nini? Nimeyachukua alipokwenda sokoni.

Mke wangu kaona, kajishika kichwa. Kaniambia wageni wa mama wanakuja kesho. Nikamwambia nitayasuuza, nani atajua. Kaniuliza kwa nini nisimwombe mwanyumba anisaidie. Mimi! Nimwombe kobe!

Kulifunga jukwaa ukutani nimeahirisha. Kamba nimeanikia shati.

Ijumaa, 10 Mei
Siku ya nuksi. Wageni wamefika, masinia hayaonekani. Mama mkwe kapekua kabati, kapekua uvungu, kamshuku jirani. Mimi niko juu, napiga plasta na mluzi. Mara chini nikasikia krrr. Sinia la kwanza limekunjika. Jukwaa likainama polepole, kama linaamkia wageni. Nikarukia ukingo wa paa, nikaning'inia. Suruali ikabaki kwenye chuma. Aibu gani hii! Mbele ya mama mkwe! Na wenzake wote!

Mwanyumba kaja mbio na ngazi. Kwanza kailazia ubao chini. Nikamlilia afanye haraka. Kaanza kunikumbusha haraka haraka, na kabla hajafika kwenye baraka mikono ikaniponyoka.

Mama mkwe kanitazama pale mchangani, kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Limeteguka tu. Methali imekosea.

Jumapili, 12 Mei
Mke wangu hasemi nami tangu juzi. Anaosha vyombo huku machozi yanamtoka. Hilo limeniuma kuliko mguu.

Jumanne, 14 Mei
Ushindi! Mwanyumba kamwambia mama mkwe kwamba yeye ana nyumba yake, chumba tupewe sisi. Mama mkwe kaguna, kakubali kwa ajili ya binti yake. Masharti: mwanyumba amalize ukuta wangu, na mimi nisitie mkono kwenye jukwaa. Nikiharibu kitu kingine chochote, chumba anampa kinyozi, ambaye anakuja kukiulizia kila siku. Mke wangu kacheka, kanikandia mguu kwa maji ya moto.

Mwanyumba kaogopa ushindani, ni wazi.

Jumamosi, 18 Mei
Ukuta umekwisha. Unapendeza, sikatai, ingawa msingi wa kazi ni wangu. Mwanyumba kenda kwao kupumzika. Kesho asubuhi mama mkwe atapanda jukwaani mwenyewe kuukagua, na ni mama wa mwili wake, hata kiti humlalamikia. Akiridhika, anatukabidhi ufunguo rasmi. Mke wangu keshafungasha sufuria.

Nimeingia chumbani kupima. Chumba kizuri, ila hakina rafu hata moja. Nimetafuta mbao mtaa mzima. Kumbe zipo hapa hapa! Pana, nzito, zimelala bure chini ya miguu ya jukwaa. Nimezitoa zote. Masharti nimeyaheshimu: mkono sikutia, nimetumia mtaimbo. Kamba za ukutani nazo zilinizuia, nimezikata. Jukwaa likashuka kidogo, likatulia. Limesimama hapo siku zote hizi, limeshauzoea mchanga.

Rafu zimekaa vizuri sana. Mke wangu bado sijamwambia. Nataka mama mkwe akishateremka kesho, waje wazione wote pamoja.