Kicheko Chako Kinakatika Jikoni

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu,

Mdogo wako anasafiri Ijumaa. Anataka sauti zako ulizorekodi ukisoma barua za mama yenu. Ziko kwenye diski ya nje tu. Nimeiunganisha na kompyuta ya jikoni kwa waya wa USB, nikaanza kunakili. Dakika nne, ikakatika. Nikasema basi nisikilize. Ukaanza kucheka. Kimya!

Mbaya wangu namjua. Fundi cherehani, yule mama jirani. Mashine yake ikinguruma, diski inazimia.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia fundi cherehani umeme utakatwa mchana kutwa. Uso mkavu kabisa. Kafunga duka, kaenda kwa binamu yake. Nikaanza kunakili. Dakika sita. Ikakatika! Mwanamke huyu ana nguvu za mbali.

Jumatano, 5 Juni

Uongo umegundulika. Kanipigia kelele dirishani: “Babu mzima, unadanganya kama wa chekechea!” Babu! Nina hamsini na nane.

Nimenunua waya wa mita tano, nikauzungusha mbali na ukuta wake. Nimeufunga pamoja na waya wa friji kwa utepe. Nadhifu, ungefurahi. Sasa inakatika kila dakika tatu.

Alhamisi, 6 Juni

Mdogo wako kaja na fundi redio bila kuniuliza. Fundi kakaa, kasikiliza friji. Friji ikaanza kunguruma, diski ikakatika. Kasema mota ya friji ikiwaka hutupa kelele kwenye umeme, na waya mrefu hafifu huzidaka. Kaona utepe. Kauliza nani kafunga nyaya hizi kama maharusi. Nikasema sijui.

“Shemeji,” mdogo wako akasema, “si unaishi peke yako?”

Tukahamia chumbani, waya mfupi, soketi nyingine. Haikukatika. Tumesikia kicheko chako hadi mwisho. Nilikuwa nimesahau kwamba ukimaliza kucheka unakohoa kidogo. Tukarudia pale pa kukohoa mara tano.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nimemwomba radhi fundi cherehani. Nimeapa sidanganyi mtu tena.

Mchana nimemsindikiza mdogo wako kituoni. Nikamwambia, uso mkavu, kwamba barua moja haikunakilika, itabidi aje aichukue mwenyewe. Zimo zote kwenye nakala aliyobeba. Kaniangalia sana. Kasema atakuja likizo, akae wiki mbili. Hakushuku hata kidogo!

Nyumba imekuwa kubwa. Huko uliko, ukipata nafasi, nikumbuke.