Naomba Mshauri Anayejua Kubisha

Opiyo wa Ahero,
kwa sasa Migosi, kwa mpwa wangu Lorine,
chumba cha mbele, upande wa televisheni.

Kwa Bi. Hadiya,
Mkurugenzi, Kituo cha Ushauri Nasaha cha Tulizo,
Kisumu.

Mheshimiwa Bi. Hadiya,

YAH: KUKOSA MSHAURI WA KIWANGO CHANGU

Nakuamkia kwa heshima zote, nikiamini u mzima, wewe na wafanyakazi wako, pamoja na yule askari wa langoni ambaye mpaka sasa ndiye mtu wa pekee katika kituo chenu aliyewahi kuniambia, "Acha hizo, Mzee!" Huyo mtu ana kipawa. Mnampoteza hapo langoni.

Mimi ni Opiyo wa Ahero. Najua umeshanisikia. Kama hujanisikia, hilo lingetosha kuwa lalamiko namba moja, lakini nimekusamehe. Nimesoma mpaka darasa la saba. Ningeendelea, ila mafuriko yalikuja yakabeba darasa la nane lote pamoja na ubao, yakaenda nalo ziwani, na mpaka leo nasikia kuna samaki kule Dunga wanaojua hesabu za sehemu. Kwa hivyo ukiona kosa katika barua hii, waulize samaki.

Kabla ya kulalamika, nieleze nilivyofika kwenu. Rafiki yangu Ooko, ambaye shamba lake la mpunga na langu yametenganishwa na mfereji tu, alifariki mvua za masika zilipoisha. Aliugua, akapona, akaugua tena. Tangu hapo mimi nilinyamaza kidogo. Nasema kidogo. Lorine, binti wa dada yangu, anayeuza dawa katika duka moja hapa mjini, anadai nilinyamaza mpaka kuku wakawa wanakuja mlangoni kuchungulia kama niko. Alipokuja Ahero kuniona alikuta miche yangu imezeeka kwenye kitalu, maji ya mfereji yamefunguliwa na yamepita, majirani wote wameshapandikiza, na mimi nimekaa kwenye kiti natazama ng'ambo ya mfereji. Akaniambia, "Mjomba, kutopanda si kitu. Lakini wewe kunyamaza? Huo ni ugonjwa." Akafungasha nguo zangu akanileta Migosi.

Tulipatana hivi. Nikipata mshauri anayenifaa, sauti yangu ikarudi, nami nitarudi Ahero nipande msimu huu unaokuja. Nisipompata, shamba litakodishwa kwa watu, na mimi nitabaki hapa natazama televisheni na watoto wa Lorine, ambao hawaniruhusu hata kushika rimoti. Kwa hivyo, Bi. Hadiya, usidhani naandika kwa kupenda kuandika. Maji ya msimu yatafunguliwa hivi karibuni, na kituo chako kimeshanipa washauri watatu, na wote watatu wana kasoro. Nazitaja.

1. Mshauri wa kwanza, Owiti, alinipokea mlangoni akasema, "Karibu, Opiyo." Opiyo hivyo hivyo, kavu, kama anaita mtoto wa jirani! Niligeuka nyuma nione ni mtoto gani ameingia. Akanieleza kwamba pale wanaitana kwa majina ili mtu awe huru. Mimi nimekuwa huru tangu kuzaliwa. Kijana mwenyewe umri wake ni sawa na wa koti langu la matanga, na koti langu limeona mengi zaidi. Nikamuuliza babake ni Owiti yupi, wa Nyando au wa Kajulu. Akasema leo tuzungumze juu yangu. Nikamuuliza kama ameoa. Akasema tuzungumze juu yangu. Sasa mimi nitafungulia moyo mtu anayeficha babake? Naweza kuwa namsema vibaya mjomba wake bila kujua.

2. Katika kila chumba chenu kuna kisanduku cha tishu kimewekwa mbele ya mgeni. Hajasema neno, tishu ziko. Hiyo ni sawa na kumtembelea mtu aliye na mafua kidogo halafu unafika na fundi wa jeneza aje achukue vipimo. Nilikisukuma kwa Owiti. Akakirudisha. Nikakisukuma. Kipindi kikaisha.

3. Mshauri wa pili, Bwana Sabir, ni mtu mzima mwenye adabu, ameniita Mzee, na babake nilimjua, alikuwa akiuza viatu sokoni Kibuye. Nilifurahi. Nikaona huyu sasa nitampa hadithi ya kiboko, ambayo simpi kila mtu. Kwa ufupi: kiboko alitoka mto Nyando akaingia kwenye mpunga wangu. Kiboko mkubwa, mgongoni pake ungeweza kuanika mahindi ya boma zima. Watu wakakimbia. Mimi nikaenda na jembe, nikasimama mbele yake, nikamwuliza, "Wewe, kwenu hawakukufundisha?" Kiboko akanitazama. Akaona haya. Akainamisha kichwa kuomba msamaha.

Sasa, kila nilipofika hapo, marehemu Ooko alikuwa akisema, "Huyo hakuwa anaomba msamaha. Alikuwa anakula." Watu wanaanguka kwa kicheko, mimi nakasirika, naianza upya, na kiboko anaongezeka ukubwa. Miaka yote hadithi ilikuwa inakwenda hivyo. Nilipofika hapo kwa Bwana Sabir, nikanyamaza, nikangoja. Bwana Sabir akatikisa kichwa pole pole akauliza, "Na wewe ulijisikiaje?" Bi. Hadiya, nilijisikia kama mtu aliye mbele ya kiboko! Hadithi ikafia pale pale. Mpaka leo kiboko ameinama, mimi nimesimama na jembe, na hatujui nani aondoke kwanza. Halafu akanifundisha kupumua. Kupumua najua. Nimekuwa nikipumua bila msimamizi kwa miaka mingi.

4. Hili ni zito na nataka lifike kwa wakubwa wako. Washauri wenu hawasambazi habari. Nilimpa Bwana Sabir hadithi ya kiboko, tena ile ndefu, nikakaa nikingoja niisikie mtaani. Nilikwenda sokoni. Nilikwenda kwa kinyozi. Nilikaa kwa muuza magazeti nikijifanya nasoma. Hakuna! Nilipouliza, nikaambiwa ni siri, ati yanayosemwa chumbani yanabaki chumbani. Ni nani aliwaambia nataka siri? Ooko ukimwambia jambo asubuhi Ahero, jioni linasalimiwa Otonglo, tena limenenepa, na yeye mwenyewe ameshajiweka ndani, kwamba ndiye aliyeshika mkia. Hiyo ndiyo huduma. Mtu anayechukua maneno yangu akayafungia kwenye kabati hajanisikiliza, ameninyang'anya.

5. Mshauri wa tatu ndiye huyu binti wa Bungoma, Nekoye. Alisema, "Mzee, niambie kidogo kukuhusu." Mimi nikasimama. Nakueleza kwa sababu nyinyi watu wa mjini huenda mmesahau: kwetu kukiwa na ngoma, muziki unasimamishwa, mtu anasimama anajisifu mbele za watu, yeye na rafiki zake. Tunaita pakruok. Usifikiri ni majivuno, ni adabu, kama vile kupiga hodi. Na anayejisifu sharti ajibiwe. Mimi na Ooko tulikuwa tunasimamisha bendi mpaka wapiga gitaa wanakwenda kula na kurudi. Mimi nasema, "Mimi ndiye mvua ya Ahero, wakinikosa wanalima vumbi!" Ooko anajibu, "Na wakikupata wanahamia shuleni na magodoro!" Hapo mafuriko yote tuliyoteseka nayo yanageuka kicheko, hata kwa mama aliyepoteza mbuzi.

Basi nikasimama katika chumba cha Nekoye, nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti iliyotingisha feni, "Mimi ndiye mvua ya Ahero, wakinikosa wanalima vumbi!" Binti akaandika. Aliandika! Sijui aliandika nini, labda "mvua". Nikaongeza nyingine. Akaandika. Nikajisifu mpaka nikaishiwa, nimesimama na mkono juu kama mtu anayesimamisha basi lililokwisha pita. Ndipo akauliza, kwa upole, "Mzee, ukifika hapo, kwa kawaida nani hujibu?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima? Wakati huo huo feni yenu ilikuwa inapeperusha vumbi, likaniingia machoni, yote mawili. Naomba feni ifutwe. Tishu nilitumia kwa ajili ya miwani.

6. Kutokana na hilo vumbi nikajikuta nimemwambia binti huyo jambo ambalo sikukusudia, na hili ni kosa la kituo. Nilimwambia habari ya mazishi ya Ooko. Mshereheshaji aliniita nije nimsifu rafiki yangu. Watu walisogeza viti. Waliokuwa wamekwenda kuchukua chakula walirudi na sahani mikononi. Nikashika maikrofoni, nikasema, "Haloo, haloo, mnasikia?" Wakasema, tunasikia, Mzee. Nikairudisha. Basi. Hayo ndiyo maneno yote Ooko aliyoyapata kutoka kwangu, haloo mbili. Maikrofoni ilikuwa mbovu. Lorine anasema haikuwa mbovu kwa sababu pasta aliitumia baada yangu kwa muda mrefu sana. Lakini kila nilipofungua mdomo nilikuwa nangoja Ooko ajibu, na ni yeye aliyelala pale mbele.

Nekoye, badala ya kunipa dawa, akanipa kazi ya nyumbani, mtu wa umri wangu! Ati nitafute mahali nimsifu Ooko kwa sauti, hata kama hakuna wa kujibu. Nilikwenda nyuma ya jikoni ya Lorine, karibu na kamba ya nguo. Nikaanza, "Ooko, mwana wa Kano, uliyekopa jembe langu ukalirudisha limenolewa!" Mlinzi wa ploti akaja mbio akidhani kuna kampeni. Akaniuliza nagombea kiti gani. Sasa Migosi nzima inangoja nigawe unga.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu kituo chako kinitafutie mshauri anayenifaa. Sitaki makuu. Awe mtu mzima wa rika langu. Asikubali neno langu lolote mara ya kwanza. Awe na shamba linalopakana na langu, ili tuweze kuonana bila kuweka miadi. Awe anaweza kusimama upande wa pili wa mfereji asubuhi akaniita mwongo kabla sijanywa chai. Akiniona nimekaa kimya asiulize najisikiaje, aseme tu, "Leo umemeza nini?" Ajue kufungua maji kwa shamba langu wakati mimi ni mgonjwa, halafu asiseme, nijue mwenyewe kwa kuona tope kwenye buti zake. Ikiwezekana awe amekosa jino moja la mbele, upande wa kushoto, kwa sababu kicheko kinatoka vizuri zaidi hapo.

Kama mtu huyo hayuko Kisumu, tafuteni Siaya. Kama hayuko Siaya, vukeni mpaka Homa Bay. Serikali ina uwezo wa kupima kila kitu, haiwezi kushindwa na jambo dogo kama hili. Nimetafuta mwenyewe na ninamjua mmoja tu mwenye sifa zote hizi, lakini kwa sasa hapatikani.

Akikosekana, naomba kituo kiniandikie cheti kwamba kosa si langu, nimpe Lorine, ili akikodisha shamba asiniangalie kwa yale macho yake.

Nifikishie salamu kwa Bwana Sabir, mwambie bado napumua. Msalimie Owiti, na babake, yeyote yule. Msalimie anayepika chai yenu, apunguze maji. Yule askari wa langoni mwambie asibadilike. Na wote wanaongojea kwenye benchi lile refu nawasalimu mmoja mmoja, wasiwe na haya, hata mtu mkubwa kama mimi nimekalia benchi hilo hilo. Ero kamano, yaani asante kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi, anayengoja jibu lako akiwa amevaa viatu tayari,

Opiyo, Mvua ya Ahero.

Nyongeza: Barua hii niliiandika jana Jumatano. Leo Alhamisi nilipita kituoni kuileta, nikaona si vizuri kupita bila kumrudishia Nekoye kalamu yake, ambayo ilinifuata nyumbani. Kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa, nikampa hadithi ya kiboko, ile fupi. Nikafika pale kiboko anapoinamisha kichwa. Nikanyamaza, kwa mazoea tu, sikuwa nangoja chochote. Binti akaweka kalamu chini. Akasema, "Mzee, lakini huyo alikuwa anakula."

Hakuna aliyemwambia. Nimemuuliza Lorine, ameapa. Bwana Sabir naye anatunza siri, kama nilivyolalamika. Nilimwambia Nekoye hana adabu. Akaniuliza, "Na mpunga ulibaki?" Tulibishana mpaka mgonjwa aliyefuata akagonga mlango mara ya pili. Kubisha kwake bado ni kwa shule, sauti ni ndogo, na anacheka akifunika mdomo, kwa hivyo atahitaji kusaidiwa kwa muda mrefu. Nimejitolea. Naomba asihamishwe, na Alhamisi zake asipewe mtu mwingine. Mimi nitakuwa natoka Ahero, maana Lorine ameshanifungashia, miche haingoji mtu kwenye kitalu.

Malalamiko yote ya hapo juu yafute, isipokuwa lile la pili, ambalo nalibadilisha. Tishu za chumba chake zimeisha. Wekeni kisanduku kingine.

Na ukimwona kabla yangu, usimwambie kwamba Ooko alikuwa akisema maneno hayo hayo. Nataka nimwambie mwenyewe.