Biro ya Kitufe Kimoja

“Tunawatangazia wakaaji wote wa Uvira kwamba, kuanzia Jumatatu, biro zote za utawala uliokimbia zimepinduliwa.”

Tangazo lilikuwa zuri, ila biro zenyewe, ofisi za serikali, hazikuwepo tena. Meza, viti, hata milango, vita vilikwisha kubeba. Huduma ya Mienendo ya Raia, inayotoa ruhusa za kusafiri, ilibaki na ordinateri, kompyuta moja tu, na Mama Capitoline aliyekuwa akiitumia. Chef Herménégilde, mkuu mpya wa Huduma, akamwuliza ile sura ya kwanza inayotokea kwenye kioo inaitwaje. Akajibu kwa moyo mweupe kwamba kwa Kifaransa inaitwa biro. Basi biro ya adui ikawa imepatikana.

Uchunguzi ulifichua mambo mazito. Pembeni chini kulikuwa na kitufe kilichoandikwa Démarrer, yaani kuanza, na hata kuzima mashini kulipitia hapohapo. Chef alitikisa kichwa kwa huzuni. Utawala unaobonyeza “kuanza” ili uzime, ungedumu vipi?

Kamati ya watu saba ikakaa siku tisa. Fundi Déogratias, mtengeneza redio wa mtaa wa Kimanga, akaeleza kwamba kazi yote ni mstari mmoja tu ndani ya faili: ordinateri ikiamka inausoma, ijue nani akae mbele. Kamati ilichukia kusikia kazi ni rahisi hivyo, lakini ikapitisha. Démarrer ikaondolewa. Mbele ikakaa picha ya Chef mwenyewe akitabasamu, na chini yake vitufe viwili, Kubali na Kataa. Baada ya juma moja Kubali nacho kikafutwa, maana hakuna aliyewahi kukigusa.

Capitoline alikuwa na lake. Mama yake alikuwa mgonjwa kule Lubarika, mpunga umeiva, wa kuuvuna hakuna. Aliomba ruhusa mara nne. Mara zote nne alibonyeza yeye mwenyewe, ikatoka karatasi: Imekataliwa, na tabasamu la Chef juu yake. Alikuwa akienda kulia chooni, ananawa uso, anarudi kazini. Fundi alikwisha kumwonyesha jinsi ya kuufikia ule mstari, lakini muhuri ulilala mfukoni mwa Chef.

Ndipo risasi zikaanza kusikika milimani. Chef akaingia na valizi mbili zilizojaa nguo, amejifunga kitenge cha mke wake. Askari wa bariere, kizuizi cha barabarani, kwa amri yake hawakumpitisha mtu bila karatasi ya Huduma yenye muhuri.

“Mama Capi, unitolee yangu, mbio.”

“Chef, mashini iko na kitufe kimoja tu.”

“Weye unabishana na miye? Bonyeza.”

Akabonyeza. Chef aliona sura yake kwenye karatasi, ikamtosha. Akaigonga muhuri bila kusoma, akauacha mezani, akakimbia.

Capitoline akafungua faili kama alivyofundishwa, akarudisha mstari wa zamani, akawasha upya. Biro ya adui ikatokea vilevile. Akaandika ruhusa yake kwa heshima zote za kiutawala, akagonga muhuri taratibu.

Bariereni alimkuta Chef amekalia valizi. Askari walikuwa wameisoma karatasi yake, wakaipigia saluti picha iliyo juu yake, kisha wakamzuia mwenye sura. Ya Capitoline waliisoma mara mbili, wakamwinulia mti wa bariere apite.

Chef akamtazama, kitenge kikimteleza.

“Weye umepitia wapi?”

“Nimepitia pa Démarrer, Chef.”