Ombi la Kupunguza Kazini Mifupa ya Meneja

Gare, Lushoto
14 Machi 2004

Ndugu Meneja wa Shamba la Chai,

Natumaini hujambo, na mifupa yako haijambo, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Mwezi uliopita ulinipunguza kazini baada ya miaka kumi na tisa ya kutunza kitalu cha miche ya chai. Barua yako ilisema mimi "nakaa tu". Iliniuma sana, lakini nilinyamaza. Sasa binti yangu Efrazia, anayesomea udaktari, amekuja likizo akanieleza mambo ya ndani ya mfupa, na kunyamaza kumenishinda.

1. Ndani ya mifupa yako zimo seli mama, zile zinazozaa damu yote ya mwilini. Kando yake zipo seli za mfupa zinazozitunza: zinaziambia lini zilale, lini ziamke, lini zitoke kwenda kazini. Zenyewe hazitengenezi hata tone la damu. Zinakaa tu! Hiyo ndiyo kazi yangu ya kitaluni, ila mimi nilikuwa na kopo la kumwagilia.

2. Tumeambiwa huu ni wakati wa soko huria, kila mmoja azalishe. Seli hizo zimelaza wenzao usingizi mwilini mwa Meneja mzima na hakuna anayeuliza. Mimi nilisinzia mara moja, tena baada ya ugali, ukaniandikia onyo.

3. Kwa hiyo zipunguze na zenyewe, kwa notisi ya siku tatu kama yangu. Efrazia anasema seli mama zikikosa mtunzaji zinaweza kuamka ovyo, zikachoka, ukaishiwa damu. Hilo lisikutie hofu. Utaajiri nyingine kutoka nje, kama ulivyofanya kwa mhasibu.

4. Ukishindwa, nirudishe kitaluni. Naikumbuka ile miche kuliko mshahara.

Nisalimie Mama Shamsa wa jikoni, walinzi wa getini, na seli zako maadamu bado zimo kazini.

Ni mimi niliyekuwa nakaa tu,
Fanueli Shekuwe

N.B. Kabla sijafunga bahasha amepita Zuberi, aliyekuwa mwenzangu kitaluni kabla hajahamishwa. Anasema tangu niondoke miche yote imechipua, hata ile iliyodumaa miaka miwili. Nimemuuliza nani anaitunza, akasema hakuna. Inaelekea mimi nilijua kuiambia ilale tu. Tafadhali, barua hii isome uishie kwenye jina langu.