Misiba Kumi na Tisa ya Ghorofa ya Tatu

Kwa Ndugu Karimu, Katibu,
Chama cha Kufa na Kuzikana cha Wana-Bujumbura, Brussels.

Saint-Gilles, siku ya mvua (tarehe nimeisahau, mvua ni ileile).

Ndugu Katibu,

Salamu nyingi kwako na kwa kiti unachokalia. Mimi ni mzima, ila kwa barua yako ya wiki jana naona nimekatazwa kufa. Umeandika kwamba komite imenisimamisha uanachama miezi sita kwa kosa la "kutangaza misiba ya uongo", na kwamba nikifariki ndani ya muda huo chama hakitaniosha, hakitanibeba wala hakitanisindikiza. Bon. Nina miaka sabini na sita, na moyo wangu unakwenda kama tramu siku ya mgomo. Miezi sita ni mingi. Kwa hiyo najitetea, kwa heshima na kwa namba, ingawa niliishia darasa la tano; la sita lilinikimbia lenyewe.

1. Ghorofa ya tatu, juu ya kichwa changu, anakaa Wouter, Mflamandi, yaani Mbelgiji wa kaskazini, kijana wa miaka hamsini, fundi wa lifti katika nyumba isiyo na lifti. Mke hana, ana santuri. Elfu moja na mia mbili, zile disiki nyeusi pana kama sinia, zimejaa mpaka mlangoni pa choo. Nyingi ni za watu wa mashambani Amerika wanaolia na gita. Siku ya kwanza nilisikia mwanamume analia juu ya dari, saa nne asubuhi, kama mtu aliyetoka makaburini sasa hivi. Mimi nimelelewa mtaa wa Buyenzi, kule Bujumbura. Buyenzi ukisikia jirani analia humpigii polisi simu kwamba kuna kelele. Unavaa kofia, unakwenda. Nikavaa kofia, nikapanda, nikampa mkono, nikamwambia pole sana. Wouter akaushika mkono, akasema merci, akanipa kahawa. Sasa niambie wewe uliyesoma: mtu asiyefiwa anapokea pole?

2. Kifungu cha nne cha chama kinasema mwanachama akiona msiba aripoti siku hiyohiyo. Niliripoti. Alhamisi mke wa mtu akazama mtoni, nikaripoti. Jumamosi wachimba makaa saba wakafukiwa na mlima, nikaripoti. Wouter ndiye aliyenitafsiria nyimbo hizo kwa Kifaransa, mstari kwa mstari, mkono kifuani. Kufika Ramadhani misiba ilikuwa kumi na minane, na farasi mmoja ambaye nilimweka kwenye mabano ili nisiwachokoze. Hamkuja hata mara moja. Kila nilipopiga simu, ulisema "tumekusikia, Mzee Hamissi", kwa ile sauti ya mtu anayetafuna.

3. Mnasema misiba ni ya uongo. Nilimuuliza Wouter: hawa watu wako wapi leo? Akatoa makasha yao, akanionyesha picha. Huyu alirekodi zamani za babu zetu, amekufa. Huyu amekufa. Hawa ni ndugu wawili waliogombana, wamekufa wote, kila mmoja kivyake. Donc wote ni marehemu wa haki, misiba yao imechelewa tu. Na nyinyi mliopeleka rambirambi za marehemu Nassoro miezi minne baada ya arobaini, mnamfundisha nani habari za kuchelewa?

4. Suala la sanda. Hapa nakiri niliteleza kidogo. Wouter ana fungu jingine la santuri, anaziita za majaribio. Humo haimbi mtu. Kuna moja, upande mzima, dakika ishirini na mbili, ni kiti kinaburutwa na mtu anahema. Niliposikia nikajua leo ni Wouter mwenyewe, anakata roho. Nikapanda, nikagonga, kimya. Nikagonga kwa fimbo, anahema tu. Nikakupigia simu, safari hii nikapiga na ukunga. Ndiyo, mlikuja. Ulikuja na sanda kwapani na watu kumi na wanne, na Bi Latifa alitoka Schaerbeek na sufuria ya pilau, kwenye tramu ameikalisha kwenye kiti cha wazee. Mlipogonga nyote kwa pamoja, Wouter akafungua, mzima, brashi ya kufutia vumbi mkononi. Kugonga kwangu alikuwa amekusikia. Alidhani ni sehemu ya santuri. Sasa kosa hapo ni la nani, langu au la aliyejaribu?

5. Komite imesahau kuandika kilichofuata, kwa hiyo naandika mimi. Wouter aliona watu wamevua viatu ngazi nzima, akawakaribisha, akawaketisha chini kati ya santuri. Hakuuliza sanda ni ya nani. Akaweka moja, taratibu, mtu mmoja na gita. Kiingereza hakuna aliyekijua. Bi Latifa ndiye aliyeanza. Alimlilia kaka yake, yule tuliyemwacha Buyenzi na hatukumzika. Habari ya kifo chake ilimkuta kazini hapa, miaka mingi nyuma, ana ufagio mkononi na korido ya kumaliza. Alimaliza korido. Kulia hakuwahi kulia mpaka siku ile, kwenye zulia la Mflamandi. Kisha tukalia wote. Wewe, Katibu, ulilia kuliko siku ya jando lako, na siku ile aliyekushika ni mimi, kwa hiyo najua kipimo. Ukasimama, ukamwombea yule mwimbaji makazi mema huko aliko. Pilau ikaliwa mpaka ukoko. Siku mbili baadaye ukaniandikia "uongo".

6. Alors, naomba: nirudishwe chamani, Wouter aandikishwe, kwa kuwa hana ndugu karibu na anafiwa sana, na kila Jumamosi wanachama waje ghorofa ya tatu kwa zamu, santuri moja kwa wiki, tuwalilie wote mmoja mmoja. Nimepiga hesabu, tutamaliza baada ya miaka ishirini na mitatu. Kwa upande wangu naahidi kutokufa kabla ya hapo.

Wasalimie wanakomite wote, hata yule aliyenyoosha mkono nifukuzwe na huku kopo la pilau niliyompa siku nyingine liko kwenye friji yake. Msalimie mama yako, mwambie mguu umepona.

Ni mimi mwanachama wenu mliyemsimamisha, ingawa magoti hayasimami,

Mzee Hamissi

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, Wouter akashuka kunisahihisha. Yule mwimbaji aliyetufanya sote tulie hajafa. Na huyo Mmarekani wetu si Mmarekani. Anaitwa Staf, fundi bomba wa hapahapa, Amerika hajafika na hajafiwa na mtu, wazazi wake wote wawili wazima. Makazi mema uliyomwombea anayo: Koekelberg, karibu na basilika, lile kanisa kubwa, tena na bustani. Kwa hiyo namba tatu ifute. Jana amekuja kula kwangu. Nikamweleza habari ya ile dua, nikamuuliza kama turudishe. Akasema iacheni hapohapo, itamfaa mbele. Kisha akauliza kesi yangu imefikia wapi. Nikamwambia nimekatazwa kufa miezi sita, sina wa kunibeba. Wakatazamana na Wouter, wakatoka na futi kupima ngazi. Wamerudi wanasema kona ya ghorofa ya kwanza ni nyembamba, lakini jeneza litapita likiinamishwa kidogo, watu wanne. Basi mambo ya uanachama jadilini mkipenda, msikimbie. Wawili ninao. Nitafutie wawili.